Chumba cha Mtoto Tusiyemjua

Tulimzika Mama Mwinuka mwezi uliopita, kijijini kwao, mbele kidogo ya Kidugala. Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo, hata waliobeba jeneza walitutokea ghafla kama watu wanaoibuka majini. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, namenya viazi pamoja na wanawake nisiowajua, vidole vyetu vimekufa ganzi kwa maji ya baridi. Mama mmoja aliyevaa koti la kiume akaniuliza, "Na wewe, dada, ni nani kwa marehemu?" Hatukuwa ndugu, hatukuwa majirani, hatukusali kanisa moja. Nikasema lililonijia mdomoni: "Alikuja kukagua choo changu." Wakaangua kicheko kile cha msibani, kinachoanza kwa nguvu halafu kinajionea aibu. Lakini mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria kwa majivu akainua uso, akanitazama, akasema taratibu, "Na changu pia." Punde si punde, mwingine aliyekuwa akichochea moto akasema hivyohivyo. Tuliinamia viazi vyetu, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa ameshaondoka pale, yuko kwenye nyumba yake ya zamani, anausubiri mlango ugongwe.

Nilirudi Makambako jioni, upepo ukivuma kama kawaida yake, nikaingia moja kwa moja kwenye chumba kidogo cha upande wa mashariki kabla hata ya kuvua kitenge cha msibani. Siku hizi kimejaa mabunda ya nyuzi na mashine yangu ya zamani ya kufumia. Nikakaa juu ya bunda la nyuzi za rangi ya damu ya mzee, nikafumba macho. Kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nikiukumbuka siukumbuki kwa miezi wala kwa sikukuu. Naukumbuka kwa chumba hiki kikiwa kitupu.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya baa, karibu na njia panda, pale malori ya kwenda Songea yanapoachana na yale ya kwenda mpakani. Festo, mume wangu, alikuwa anapanga mbao kwenye yadi moja si mbali na stesheni, na jioni alirudi na vumbi la msumeno kwenye nyusi, ananukia mbao za msindano zilizochanwa mchana huohuo. Mimi nilifuma masweta ya shule kwa mashine. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa hazijakatika, nililazwa hospitali ya Ilembula. Mimba ilikuwa imetoka, na haikuwa ya kwanza. Sitaki kukaa sana hapo. Ninachotaka kukisimulia ni kwamba mchana mmoja, nikiwa sijalala wala siko macho kwa sababu ya dawa, nilimwona mtoto wa kike amesimama kando ya kitanda changu. Alikuwa na miaka minne hivi. Amevaa gauni la njano lililomzidi, amefunga mikono nyuma kama daktari. Akaniuliza, "Mama, umekula?" Nikamjibu bado. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu mzima, akaenda kitanda cha pili akauliza vilevile, kisha cha tatu, mpaka gauni lile la njano likawa doa dogo mwisho wa wodi, likapotea kwenye mwanga wa mlangoni.

Nilidhani nimeota. Lakini jioni, nyuma ya pazia, niliwasikia wauguzi wawili wakikunja mashuka. "Nesi Mdogo anaondoka kesho," alisema mmoja. "Amepatikana ndugu?" akauliza mwenzake. "Ndugu yupi? Tangu mama yake afariki hajatokea mtu. Anapelekwa kituo cha watoto, Njombe." Shuka likakung'utwa, paa! "Basi wodi itapoa," alisema yule wa pili, na baada ya hapo nikasikia tu vitambaa vikikunjwa, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayefunga kitabu kikubwa polepole.

Festo alipokuja kuniona, na viazi na njegere kwenye hotipoti, nilimweleza yote. Nikamwambia, "Tumchukue." Akafungua hotipoti, akaifunga, akaifungua tena. "Mtoto si blanketi, Anitha," akasema. Sikumlaumu. Tulirudi nyumbani, nikaanza kufuma, siku zikapita bila yeye kuligusa jambo lile. Hadi mchana mmoja tunachoma mahindi uani, moshi unamfuata yeye popote anapohamia, akasema kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo: "Kwa hiyo alikuuliza kama umekula."

"Ndiyo."

"Na yeye anaulizwa na nani?"

Akageuza hindi lake, akalitazama. "Twende tukaulize," akasema.

Ndivyo tulivyofika ofisi ya ustawi wa jamii, Njombe mjini, asubuhi yenye manyunyu. Mama Mwinuka, afisa wa pale, alikuwa mwanamke mpana, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na juu ya suti yake ya kazi alivaa sweta zito la kijivu ambalo mimi, kwa macho ya kazi yangu, niliona limerudiwa kiwiko kwa uzi usiofanana. Alitumiminia chai ya chupa kabla hatujasema shida yetu. Tulipoisema, alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika hata neno. Kisha akasema, "Mnamtaka huyo huyo."

"Ndiyo, mama."

"Hapa hatuchagui mtoto kama viazi sokoni, mwanangu. Mimi naandaa nyumba kwanza. Nyumba ikiwa tayari, ndipo natazama ni mtoto gani anaihitaji nyumba ya namna hiyo. Anaweza kuwa yeye. Anaweza asiwe yeye. Na akija, hajawa wenu. Akitokea ndugu mwema kesho, namrudisha kwa ndugu yake. Hayo ndiyo malezi ya kambo. Mkitaka mtoto awe wenu moja kwa moja, huko ni kuasili, na mlango wake ni mwingine."

Festo akauliza, si kwa ubaya, "Sasa mama, sisi hapo tunapata nini?"

Mama Mwinuka akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Mnapata kazi," akasema.

Tulitoka nje tukasimama chini ya paa la duka la mtu kusubiri manyunyu yapungue. Tulikuwa tumekwenda kutafuta mtoto, tumerudi na karatasi inayotaja karatasi nyingine. Nilidhani Festo atasema basi. Badala yake akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Watu huniuliza siku hizi, hasa wanawake vijana wanaonijia kwa siri kidogo, kama makaratasi yale yanachosha. Yanachosha. Lakini huwa nashindwa kuwaeleza jambo jingine, kwamba yalikuwa kama kutembea ndani ya ndoto ambamo kila mlango unaogonga, mtu anakuuliza wewe ni nani. Mwenyekiti wa mtaa alituuliza tunaishi na majirani namna gani, nasi tukagundua hatujui. Polisi walipochukua alama za vidole vyangu, kijana wa pale alishika kidole gumba changu kwa adabu kana kwamba ni cha mama yake, akakibingirisha kwenye wino, na nikaona kwa mara ya kwanza mistari yangu mwenyewe, imezunguka kama shamba la matuta mlimani. Kulikuwa na vipimo vya afya, cheti cha ndoa ambacho tulikitafuta mpaka tukakikuta chini ya godoro, barua ya mchungaji, na wadhamini wawili. Mdhamini mmoja, mama muuza mbogamboga, alisema, "Nitawadhamini. Lakini nikiulizwa kama mnagombana, nitasema mnagombana." Ukisoma maelezo yale yote pamoja unakutana na watu wawili wenye tabia njema wanaoitwa kwa majina yetu. Nakumbuka niliwaonea wivu. Usiku na mchana nilijitahidi kufanana nao.

Mama Mwinuka alikuja bila taarifa mwezi wa sita, baridi ikiwa imeuma hasa. Tulikuwa tumewasha jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, mlango umefungwa, mimi nafuma, Festo anakula ugali. Aliingia, akasimama, akalitazama jiko kabla ya kututazama sisi. "Huwa mnalala nalo?"

"Baridi ikizidi," nikasema.

"Litoeni nje. Sasa hivi, kabla sijakaa." Festo akalitoa akikimbia. Mama Mwinuka akafungua dirisha yeye mwenyewe. Akatueleza, kwa sauti ileile ya siku alipotumiminia chai, kuhusu familia alizozikuta asubuhi zimelala na hazikuamka. Halafu akatazama choo, ambacho tulichangia na wateja wa baa. Akasikiliza muziki unaotetemesha ukuta, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Akaniomba nimwoneshe mtoto atalala wapi, nikamwonesha kona kati ya kabati na mashine. Alikaa pale kwenye kona, juu ya kigoda changu, kwa muda mrefu, mikono juu ya magoti, kama mtoto mnene mwenye huzuni. Alipoinuka akasema, "Sitaandika hapana. Nitaandika bado."

Tulikuwa na boma letu nje ya mji, upande wa mashambani: kuta na bati, basi. Tulikuwa tumeliacha hivyo kwa miaka, tukijiambia tutahamia siku likikamilika. Tulihamia mwezi wa saba, halijakamilika. Madirisha tuliyaziba kwa mabanzi ya mbao, na upepo wa Makambako, ambao hauombi ruhusa, uliingia kwenye nyufa ukiimba sauti nyembamba usiku kucha. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, zikivunjika chini ya ndala zangu nilipokwenda kuchota maji. Sijawahi kupata baridi kama ile, wala sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha isiyo na sababu ya kuonesha mtu. Kila Festo alipopata nafasi aliongeza kitu: fremu, dari, mlango. Tulianza na chumba kidogo cha mashariki kabla ya chetu. Alikipiga dari ya mbao za msindano, akatengeneza kitanda kwa mkono wake, na chumba kikawa kinanuka kama msitu uliofungiwa ndani ya sanduku. Mchana, kazi ikinichosha, nilikwenda kukaa humo sakafuni. Jua lilipita kwenye mianya ya mabanzi likachora mistari ukutani, na mistari ilitembea, na mimi nikiitazama nilimwona mtoto wa gauni la njano akiivuka mmoja mmoja. Nilijua nimekatazwa. Mama Mwinuka alikuwa amesema wazi. Lakini moyo hauna afisa.

Mwezi wa nane alifika mama mkwe wangu kutoka Makete, na gunia la viazi na jogoo aliyefungwa miguu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, asiyepoteza maneno. Alipomaliza kunywa chai akauliza chumba kile ni cha nani. Festo akamweleza. Aliposikia neno kambo akaweka kikombe chini. "Kambo?" akasema. "Mama wa kambo? Mnajiita wenyewe hivyo, mchana kweupe?" Festo akajaribu kumfafanulia kwamba ndivyo serikali inavyoyaita. "Serikali ilelewe na mama wa kambo kwanza," alisema, "halafu itafute jina lingine."

Hakuligusa tena jambo lile mbele yangu. Lakini siku moja nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, na dirisha la sebuleni lilikuwa bado halina kioo, nikamsikia. "Festo, mwanangu. Wewe bado kijana. Wanawake hawajaisha duniani. Kwa nini ujichoshe kwa mtoto wa watu?" Nilisimama na shati lake mkononi, linachuruzika maji miguuni kwangu. Festo alikuwa anapiga msasa kiti. Nilisikia msasa ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, haukuongeza kasi wala haukupunguza. Sijui ni muda gani ulipita. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Njombe, na kwangu mimi ilikuwa kama ndiyo yanayopiga msasa, yanailainisha milima. Kisha Festo akasema, "Mama, hebu nishikie hapa mguu wa hiki kiti cha mtoto, nipime." Halafu nikasikia mbao ikigusa sakafu, na sauti ya mama mkwe, kavu: "Upande huu ni mrefu." Nikaanika lile shati.

Mama Mwinuka aliporudi mwezi wa kumi, alisema anataka kuzungumza na kila anayelala ndani ya nyumba ile, mmoja mmoja. Alianza na Festo, akaja kwangu, kisha akaomba kubaki na mama. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, kimeegemea ukuta wa sebule, na aliyekaa kwenye mafiga alisikia kila kitu, atake asitake. Mimi nilitaka. Nilikaa na mwiko mkononi mbele ya sufuria la maharage.

"Mama, unaonaje mtoto akija kuishi hapa?" aliuliza Mama Mwinuka.

"Sitaki."

"Kwa nini?"

Nilisikia kiti kikilia. "Mimi nililelewa nyumba ya watu," akasema. "Wazazi wangu walipokufa nilipelekwa. Hawakunipiga. Ukiwauliza mpaka leo watasema walinilea vizuri. Lakini nilikula wakishamaliza wao. Nilijua kila mtu ndani ya nyumba ile anapenda nini, nani hapendi chumvi, nani anataka ukoko, na mimi hakuna aliyejua napenda nini, hata mimi mwenyewe sikujua. Nimeolewa ndipo mume wangu akaniuliza. Nililia. Akadhani nimechukia." Kiti kikalia tena. "Huyu mkamwana wangu ana moyo, namwona. Mwanangu naye nilimlea mwenyewe. Lakini watu wenye moyo huchoka. Wakichoka, nani atamtazama yule mtoto? Kama nyumba ya mwanangu itakuja kuwa ile nyumba, ni heri chumba kibaki kitupu."

Maharage yaliungua. Niliyasikia yakiungua, nikashindwa kuinua mkono. Miezi yote ile nilikuwa nimemwogopa mwanamke yule nikidhani anamkataa mtoto, kumbe kati yetu watatu ni yeye peke yake aliyekuwa anamjua. Sisi tulikuwa na chumba. Yeye alikuwa amekaa humo miaka mingi. Mama Mwinuka alipotoka, alipitia jikoni, akanusa, akatazama ndani ya sufuria. "Nimeuliza swali hilo kwenye nyumba nyingi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyo mama msimrudishe Makete mapema."

Baada ya ugeni kuondoka, mama mkwe aliingia chumba kidogo, akapanda kitandani, akajilaza chali, mikono kifuani. Mimi na Festo tulisimama mlangoni kama tuliofika hospitali kuona mgonjwa. Alitazama dari muda mrefu. "Upepo unaingia hapa," akasema, akagusa ukuta kwa kidole. Halafu: "Akiamka anaona ukuta. Mtoto mgeni akiamka anaona ukuta, atajua yuko wapi?" Tukakigeuza kitanda mpaka anayeamka aone mlango, na kupitia mlangoni, watu. Wiki zilizofuata aliziba nyufa kwa udongo na matambara, akanifundisha kupika viazi kwa namna tatu, maana, alisema, lazima kuwe na cha kuuliza: unapenda hivi, au hivi, au hivi?

Kibali kilitoka mwezi wa kumi na moja, na mvua za kwanza. Mama Mwinuka alinipigia simu nami nikiwa kwenye mashine. Alinipongeza. Kisha sauti yake ikashuka, na hapo nilijua. "Yule mtoto wa Ilembula," akasema. "Mjomba wake ametokea. Mtu wa Ludewa, kule ziwani, mvuvi. Alikuwa hajui kama dada yake amekufa. Nimekwenda mwenyewe hadi kwake, nimekaa, nimekula naye. Ni mtu mwema, mkewe pia. Mtoto ameshakwenda nyumbani, Anitha."

Nikasema, "Ni vizuri, mama." Na ilikuwa vizuri. Nilijua ni vizuri, kama unavyojua mvua ni nzuri nawe umeanika mahindi. Nilikwenda kukaa chumbani, sakafuni, bati linanguruma juu yangu. Festo aliporudi alinikuta humo, akakaa kando yangu na nguo zake za kazi zilizolowa. Hakusema tumwachie Mungu, hakusema tutapata mwingine. Alisema, "Huko kuna samaki." Nikaanza kucheka na kulia. Usiku ule nilimwota amesimama mchangani, ziwa limetulia kama kioo, anawauliza wavuvi mmoja mmoja kama wamekula, nao wanavua kofia kumjibu. Ni ndoto iliyonifanyia hisani. Nimeiota mara nyingi tangu hapo, na kila mara anakuwa mkubwa zaidi kidogo.

Mwezi wa kwanza simu ililia tena. "Kuna binti wa miaka tisa," alisema Mama Mwinuka. "Anaitwa Yusta. Alikuwa analelewa na bibi yake, bibi amefariki. Simfichi mtu: hajaomba kuja kwenu. Anachotaka ni kurudi kwenye nyumba ya bibi yake, na ile nyumba imefungwa. Ni mkali kidogo." Nikamtazama Festo, Festo akamtazama mama yake. Mama mkwe akasema, "Mkali ni mzuri. Mkali bado hajakata tamaa."

Alikuja kwenye gari la halmashauri, siku ya jua baada ya mvua, ardhi inatoa mvuke. Alikuwa mdogo kuliko umri wake, kichwa kimenyolewa, amebeba sare za shule kwenye mfuko wa plastiki. Alitusalimia sote kwa mpangilio wa umri, sawasawa, kama mtu anayelipa nauli. Alipokaribishwa ndani alisimama. Alipooneshwa chumba, alisimama mlangoni akakitazama kitanda, dari, mlango, kisha akaniuliza, "Nitakaa mpaka lini?"

Mwaka mzima tulikuwa tumeandaa madirisha, blanketi, vyeti, choo kipya chenye mlango na komeo. Jibu hilo hatukuliandaa. Mama Mwinuka alikuwa nyuma yangu, anasikiliza. Nilitamani kusema daima. "Sijui," nikasema. "Leo upo. Kesho upo. Na siku yoyote nikijua zaidi, nitakwambia wewe kabla ya mtu mwingine." Alinipima kwa macho. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, mfuko wa sare mapajani.

Alikaa ukingoni hivyo kwa wiki nyingi. Kila asubuhi alilikunja blanketi na kuliweka juu ya mto, mfuko wake kando, kama mtu anayesubiri basi la asubuhi. Aliniita mama mwenye nyumba. "Shikamoo, mama mwenye nyumba. Naomba maji ya kunawa, mama mwenye nyumba." Festo alicheka, mimi sikucheka, lakini niliitika kila mara, maana ndilo jina alilokuwa nalo la kunipa, na Mama Mwinuka alikuwa ametuonya: msijipe jina ambalo mtoto hajawapa. Mama mkwe alimuuliza viazi anavipenda vipi. Yusta akasema vyovyote. Kesho yake akamuuliza tena, akasema vyovyote. Bibi yule hakukata tamaa hata siku moja, na mimi nikipita nyuma yao niliwasikia, swali lilelile na jibu lilelile, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Sikumbuki ni siku gani jibu lilibadilika. Nilirudi tu kutoka sokoni nikawakuta wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu chumvi.

Mwezi wa tatu kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni. Nilivaa gauni zuri, nikaenda, nikakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamebanwa, kati ya akina mama waliokuwa wakiongea Kibena na kucheka mambo ya miaka waliyojuana. Nje mvua ilikuwa inapita, inaacha jua, inarudi. Wanafunzi walisimama ukutani. Mwalimu wa darasa, kijana mwenye sauti nyororo, aliita jina la mtoto, na mzazi akainuka akapokea matokeo yake. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani. Halafu akasema, "Mzazi wa Yusta."

Sikuinuka. Si kwamba sikusikia. Kibali changu, chenye mihuri yote, kilisema mlezi. Nilitafuta ndani yangu ruhusa ya lile neno jingine, sikuiona. Mwalimu akarudia, "Mzazi wa Yusta yupo?" Akasubiri kidogo, akashusha kalamu kwenye jina linalofuata.

"Yupo, mwalimu," ilisema sauti kutoka ukutani, imekereka kidogo, kama mtu aliyelazimika kueleza jambo lililo wazi. "Ni yule pale nyuma. Anaona aibu tu."

Darasa zima likageuka, likacheka. Nikasimama.